Miaka 16 ya kuisubiri Wildflower ya The Avalanches: nini hasa kiliichelewesha, na je, ilistahili kusubiriwa?

MkusanyaSanturi (mleta mada)

Ndugu wanajamvi, salaam.

Ningependa tuijadili kwa kina bendi ya The Avalanches ya Melbourne, Australia, kwa sababu kila ninaposoma habari zao jambo hili humalizwa kwa sentensi moja tu, kwamba walichelewa kwa ajili ya hakimiliki. Albamu yao ya kwanza, Since I Left You, ilitoka kwao Novemba 2000 na kusambaa Ulaya na Marekani mwaka uliofuata. Ni muziki wa dansi uliojengwa karibu wote kwa vipande vilivyochotwa kwenye santuri za watu wengine: filimbi kutoka huku, kicheko kutoka kule, besi ya disko, sauti ya mwanamke asiyefahamika, na vyote vikaunganishwa bila mshono kuonekana tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha kukawa kimya. Wildflower, albamu ya pili, ilitoka tarehe 8 Julai 2016.

Bendi za muziki wa kielektroniki zilizokaa muda mrefu bila albamu zipo nyingine. Kraftwerk walitoa Electric Café mwaka 1986, na albamu nyingine yenye nyimbo mpya, Tour de France Soundtracks, ikaja mwaka 2003. Leftfield walivunjika, na walipotoa albamu mwaka 2015, miaka 16 baada ya ile ya 1999, alikuwa amebaki Neil Barnes bila mwenzake Paul Daley. Lakini The Avalanches hawakutangaza kuvunjika. Mara kwa mara walisema kazi inaendelea, mashabiki wakafurahi, na mwaka ukapita bila chochote. Ndiyo maana naona suala lao ni tofauti na la hao wengine, na ndiyo maana nauliza: kama ni ruhusa tu zilizokuwa zikisubiriwa, mbona ile ya kwanza, iliyojaa sampuli (yaani vipande hivyo vya kuchota) kuliko ya pili, haikuchukua muda kama huo? Na kwa wale waliozisikiliza zote mbili kwa makini, je, mnaisikia hiyo miaka ndani ya Wildflower, au ni albamu ambayo ingeweza kutoka mwaka 2004 bila kupungukiwa na kitu?

Ningeshukuru kupata majibu ya watu wanaoifahamu kazi yenyewe ya kutengeneza muziki wa namna hii, kwa sababu mimi ni msikilizaji tu.

FundiWaMidundo

Mleta mada, ahsante kwa uzi huu. Kazi yangu ni ya studio, na sampuli ndizo zinazoniendeshea maisha, kwa hiyo nitaanza na mikono kabla ya kufika kwenye sheria, maana naamini sehemu kubwa ya jibu iko huko.

Robbie Chater na Darren Seltmann waliitengeneza Since I Left You kwa Akai S2000, mashine za kurekodi vipande vya sauti na kuvicheza upya. Mashine hiyo, hata ukiijaza kumbukumbu hadi mwisho, hubeba megabaiti 32 tu, yaani takriban dakika 6 za sauti ya mkondo mmoja, na nusu ya hapo ukitaka mkondo wa kushoto na wa kulia. Hiyo ndiyo nafasi ya kuwekea kila kitu kinachosikika kwa wakati mmoja katika wimbo, kwa hiyo kila kipande hukatwa kifupi iwezekanavyo.

Baada ya kukata, kuna kazi ya kuoanisha, na hapa ndipo miaka inapoliwa. Sauti iliyorekodiwa ukiiharakisha hupanda, na ukiipunguza kasi hushuka. Tuseme umepata kinubi kizuri kwenye santuri inayokwenda mapigo 110 kwa dakika, na ngoma nzuri kwenye santuri nyingine inayokwenda mapigo 116 na nusu. Ukikiharakisha kinubi mpaka kikutane na ngoma, tayari kimepanda nusu-toni, yaani hatua moja ndogo kwenye kinanda. Sauti ya mwimbaji uliyokuwa umeipangia kuimba juu ya kinubi kile sasa inagongana nacho, nawe unalazimika kuipandisha pia, na ikizidi kupanda inaanza kusikika kama ya mtoto. Usipokubali sauti ya mtoto, unarudi kwenye makasha ya santuri kutafuta kinubi kingine. Hapo nimezungumzia vitu vitatu tu. Magazeti hurudia kwamba albamu ile ina sampuli zipatazo 3,500; mimi sijali sana hesabu hiyo, kwa sababu ugumu hauko kwenye wingi wa vipande bali kwenye kuvifanya vikubaliane ufunguo, kasi na hali ya hewa ya chumba vilimorekodiwa. Zile sauti nyembamba za kitoto zinazotufanya tuipende albamu ile, kwa sikio langu, kwa sehemu kubwa ni matokeo ya hesabu hiyo ya kasi na kimo.

Sasa fikiria kurudia kazi hiyo ukiwa tayari umesifiwa kote. Mara ya kwanza hakuna aliyekuwa anakusubiri. Unachekecha santuri za bei rahisi na kila unachookota ni faida. Mara ya pili kila kipande kinapimwa kwa kipimo cha albamu ambayo watu wameipa hadhi ya pekee. Seltmann aliondoka katika bendi. Chater aliugua kwa muda mrefu maradhi ya mfumo wa kinga ya mwili. Katikati ya hayo waliingia kwenye muziki wa filamu ya katuni ambayo haikukamilika, kisha wakashiriki katika muziki wa tamthilia ya King Kong iliyofunguliwa Melbourne mwaka 2013. Sioni miaka 16 ya watu waliokaa ofisini kwa wanasheria wakisubiri sahihi. Naona watu waliokuwa wakitengeneza, wakitupa, wakaugua, wakapoteza mwenzao, wakatengeneza tena.

Kuhusu swali lako la pili, ndiyo, miaka hiyo inasikika. Sikiliza Because I'm Me. Inaanza na sauti ya mvulana, iliyotoka kwenye santuri ya kampuni ya Folkways ya mwaka 1959 yenye midundo na nyimbo za vijana wa mitaani New York, akiuliza kwa nini yeye hapendwi. Sauti ni kavu, haina ala yoyote ya maana nyuma yake. Halafu zinaingia tarumbeta na nyuzi za kibao Want Ads cha kundi la Honey Cone cha mwaka 1971, na ghafla mvulana yule anaongoza bendi nzima ya soul iliyorekodiwa miaka 12 baada ya yeye kuimba. Kilichonishangaza kama fundi ni kwamba hawakumlainisha hata kidogo. Anayumba kidogo katika kasi, na ala ndizo zilizosogezwa kumfuata. Kijana wa miaka 20 na kitu, mwenye haraka ya kuonyesha ujuzi wake, angemnyoosha mvulana yule ili akae sawasawa na ngoma. Huo ni uamuzi wa mtu aliyeusikiliza wimbo huo kwa miaka mingi.

Mwanakombo_wa_Pwani

Nimesoma maelezo ya Fundi kwa furaha, na kuhusu Because I'm Me sina la kumpinga. Lakini nisingependa uzi huu ugeuke kuwa wa kusifia peke yake, kwa sababu naipenda bendi hii kiasi cha kuumizwa na mahali walipopunguza.

Uzuri wa Since I Left You ni kwamba hakuna mwenye nyumba. Hakuna sauti moja inayokuambia mimi ndiye mwimbaji, nisikilize. Unapita katikati ya watu, kama katika forodha yenye abiria wengi, na kila mmoja anasema neno lake na kutoweka. Katika Wildflower wamealikwa wageni: Danny Brown na MF DOOM, Camp Lo, Toro y Moi, Jonathan Donahue wa Mercury Rev, Father John Misty na wengine. Ni wasanii ninaowaheshimu. Hata hivyo, kila mmoja anapoingia, ule mtiririko unasimama na wimbo unakuwa wake. Frankie Sinatra, uliotangulizwa Juni 2016 ili kutangaza albamu, ndio mfano ulio wazi kuliko yote. Wamechukua kalipso, muziki wa asili ya Trinidad, ya Wilmoth Houdini, mwimbaji wa huko aliyefanya kazi New York, wakaipa mdundo mzito wa kuruka-ruka, wakaweka marapa wawili, Danny Brown na MF DOOM, juu yake. Kalipso ya Houdini ni ya kejeli nyepesi, inapita kwa wepesi kwenye ulimi, na mdundo ule unaikandamiza. Kwa wengi wetu tuliokuwa tumesubiri tangu mwaka 2001, hicho ndicho kilikuwa kitu cha kwanza kusikia, na kwa kweli kilitutia hofu.

Upande mwingine, Subways ni wimbo ambao ningewapa watu wote wasioijua bendi hii. Sauti ni ya Chandra Oppenheim, aliyekuwa msichana wa miaka kama 12 aliporekodi New York mwaka 1980, akiimba juu ya treni za chini ya ardhi kwa namna ya mtu asiyeogopa jiji. The Avalanches wamemzungushia besi ya disko na nyuzi zinazopanda polepole, na kila nyuzi zinapopanda yeye anabaki palepale, hachangamki wala hanyong'onyei. Hapo hakuna mgeni. Hapo wameirudia ile siri yao ya zamani ya kumfanya mtu aliyerekodiwa miaka 36 nyuma aonekane amewasubiri wao. Kama albamu nzima ingekuwa ya namna hiyo, nisingekuwa na neno.

Kwa hiyo jibu langu kwa mleta mada ni kwamba ilistahili kusubiriwa, lakini kwa nusu yake. Nyimbo 21 ni nyingi mno. Baada ya wimbo unaobeba jina la albamu kuna eneo ambalo vipande vifupi vinafuatana bila kuacha alama, na ningekuwa mhariri wao ningepunguza hapo bila huruma.

MkusanyaSanturi (mleta mada)

Nawashukuru nyote wawili. Mwanakombo, nakubaliana nawe kuhusu Subways, ingawa kwa upande wangu sauti ya Danny Brown inanipendeza, kwa sababu anaimba kama mtu aliyetoka kwenye santuri nyingine kabisa na hivyo naye anakuwa sampuli kwa namna yake. Swali linalobaki kwangu ni lile la ruhusa. Fundi amelipunguza uzito, lakini kila ninaposoma mahojiano ya wasanii wa sampuli, ruhusa ndiyo wanayoilalamikia. Je, kuna mwenye ujuzi wa sheria anayeweza kutueleza mzigo huo ulikuwa wa ukubwa gani?

Hakishiriki

Mleta mada, nimeshughulika na mikataba ya muziki kwa muda, naomba nichangie hapo.

Ukitaka kutumia kipande cha santuri ya mtu, ruhusa ni mbili, si moja. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani maneno na mahadhi, na hiyo kwa kawaida iko mikononi mwa mtunzi au mchapishaji wake. Ya pili ni ya rekodi yenyewe, na hiyo mara nyingi ni mali ya kampuni iliyogharamia kurekodi. Hata sheria yetu ya Tanzania ya mwaka 1999 inabeba mgawanyo huo ndani ya jina lake, Hakimiliki na Hakishiriki. Wenye haki hawa wawili huwa hawajuani, na kila mmoja anaweza kukataa peke yake. Sasa weka sampuli tano kwenye wimbo mmoja: una wenye haki wasiopungua kumi, na kila mtunzi kati ya hao watano anaweza kudai nusu ya wimbo wako mpya. Nusu mara tano hazitoshei ndani ya kitu kizima. Kuna nyimbo zinazokufa kwa hesabu hiyo pekee, hata kama kila mtu ana nia njema.

Zamani haikuwa hivi. Hadi mwisho wa miaka ya 1980 wasanii wengi wa hip hop na dansi walichota bila kuuliza. Kilichobadilisha mambo nchini Marekani ni kesi ya mwaka 1991 ya Grand Upright dhidi ya Warner Bros., ambapo rapa Biz Markie alishtakiwa kwa kutumia sehemu ya wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila idhini. Jaji Kevin Duffy aliifungua hukumu yake kwa amri ya Biblia inayokataza wizi, akazuia usambazaji wa albamu, na kuanzia hapo makampuni yakawa hayathubutu kutoa kitu kisicho na karatasi. Biz Markie akaiita albamu yake ya mwaka 1993 All Samples Cleared!, yaani kila sampuli imeombewa ruhusa. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa katika kesi ya Bridgeport ilikwenda mbali zaidi, ikasema ama upate leseni au usichote kabisa, hata kipande kiwe kifupi namna gani.

Tazameni tarehe hizo. Since I Left You ilitengenezwa baada ya 1991 lakini kabla ya 2005. Wildflower ilitengenezwa wakati kauli ya Bridgeport ikitisha kila kampuni. Ukiniuliza mzigo ulikuwa wa ukubwa gani, nitasema ulikuwa umekua kati ya albamu hizo mbili, na huenda hilo linajibu sehemu ya swali lako la mwanzo, kwa nini ile yenye sampuli nyingi ndiyo iliyotoka upesi. Juni 2016, mwezi uleule ambao Frankie Sinatra ulikuwa unasambaa, mahakama nyingine ya rufaa iliamua kwa namna tofauti katika kesi iliyohusu wimbo Vogue wa Madonna: mlio wa tarumbeta wa chini ya robo sekunde ulionekana kuwa mdogo mno kuhesabiwa kosa. Kwa hiyo hadi leo Marekani ina majibu mawili kwa swali moja. Ulaya nako Kraftwerk waliwapeleka watengenezaji wa muziki mahakamani kwa sekunde 2 za mdundo wao wa mwaka 1977, na kesi ile ikafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyotoa uamuzi wake Julai 2019.

Kuna jambo moja ambalo Mwanakombo hakuligusa alipowataja wageni, na kwangu ndilo linaloipa albamu hii uzito. Katika The Noisy Eater, mtu anayerapu kuhusu chakula kwa furaha ya kitoto, mdomo ukiwa umejaa, ni Biz Markie. Ni yuleyule wa kesi ya mwaka 1991. Na katika wimbo huohuo inasikika kwaya ya watoto wakiimba Come Together wa The Beatles, utunzi ambao kupata idhini yake ni miongoni mwa mambo magumu kuliko yote katika biashara hii, na idhini ilipatikana. Bendi iliyoishi kwa sampuli ilimwalika mtu ambaye jina lake limefungwa na mwisho wa uchotaji huru, ikamweka kando ya sampuli ngumu kupatikana, na ikampa nafasi ya kucheza. Mimi siwezi kusema mgeni huyo amesimamisha mtiririko. Kila ninaposikiliza wimbo ule naona wamemtendea haki.

Mwanakombo_wa_Pwani

Hakishiriki, hilo la Biz Markie limenigusa, na The Noisy Eater nautoa kwenye orodha yangu ya lawama. Frankie Sinatra unabaki.

Lakini nikuulize, maana maelezo yako yananipa shaka moja. Albamu ya tatu, We Will Always Love You, ilitoka Desemba 2020. Imejaa sampuli, ina wageni wengi kuliko Wildflower, na juu ya jalada lake kuna sura ya Ann Druyan, aliyeongoza kazi ya ubunifu wa ile rekodi ya dhahabu iliyopelekwa angani na vyombo vya Voyager mwaka 1977. Iliwachukua miaka minne na miezi michache. Sheria haikuwa imelegea kiasi hicho kati ya 2016 na 2020. Kama ruhusa ndizo zilizokuwa kikwazo kikubwa, mbona safari hiyo hazikuwazuia?

FundiWaMidundo

Mwanakombo, hapo ndipo ninaposimama nami. Ruhusa ni mzigo, na Hakishiriki ameueleza vizuri kuliko nilivyowahi kuusikia ukielezwa. Ila ruhusa huombwa kwa wimbo uliokwisha kukamilika, au uliokaribia. Huwezi kumwandikia mwenye haki ukamwambia kuna kitu nakifanyia kazi lakini sijui kitakuwaje, atataka kukisikia. Kwa miaka mingi nadhani The Avalanches hawakuwa na kitu cha kumsikilizisha mtu ambacho wao wenyewe walikiamini. Walipofika 2016 walikuwa wameshajua tena namna ya kumaliza wimbo na kuuacha uende, na aliyejua kumaliza humaliza tena kwa haraka zaidi.

Kuna dalili ya hilo katika wageni unaowalaumu. Mtu akija kuimba juu ya kazi yako, ana ratiba yake, ana siku ya kuingiza sauti, na baada ya hapo huwezi tena kubomoa mdundo chini yake kila unapoamka na wazo jipya. Sauti yake inakufunga. Kwa bendi iliyokuwa inaweza kubadilisha kila kitu bila kikomo, kufungwa huko ndiko nadhani kulikoiwezesha albamu kutoka. Unaweza kusema wageni waliipunguzia Wildflower kitu, na kwa Frankie Sinatra pengine nitakubali, lakini sidhani kama bila wao tungekuwa na Wildflower ya kujadili.

Mleta mada, kama unataka kulipima hili mwenyewe, zicheze zote tatu kwa mpangilio wa miaka, kwa spika nzuri na si kwa simu, na usiruke wimbo wowote, kwa sababu mahali nyimbo zinapoungana pana kazi kubwa kama iliyo ndani ya nyimbo zenyewe. Katika ya kwanza sikiliza jinsi wimbo mmoja unavyoanza kabla wa kabla yake haujaisha. Katika ya pili hesabu ni mara ngapi kunakuwa na ukimya au kelele za mtaani katikati. Ya tatu ina mipaka iliyo wazi zaidi. Ukimaliza, tuandikie hapahapa ulivyosikia, hasa kuhusu ile sehemu ya katikati ya Wildflower ambayo Mwanakombo angeikata, kwa sababu mimi naiona kuwa ndiyo iliyo karibu kuliko zote na Since I Left You na ningependa kusikia sikio la tatu.